Kazi Kabla ya Dhambi
Somo: Mwanzo 2:15

Angalieni vizuri: Adamu alipewa kulima na kutunza bustani kabla hajaanguka. Kutunza uumbaji si adhabu, ni ajira ya kwanza.

Sheria nayo imesema. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya, na kinamtaka kila mtu ashirikiane kulinda mazingira. Lakini kijana anayechoma makaa hapa Mbeere atauliza, "Pastor, nikiacha, nitakula nini?" Tusimwambie "Mungu atakupa," halafu jioni tunanunua gunia lake.

Jibu liko shambani kwetu. Mukau unavumilia ukame, na mbao zake mchwa haziwezi. Kutoa mbegu kwenye kokwa lake ni kazi ngumu. Kijana akijua kuipasua bila kuiharibu na kuotesha miche, ana ujuzi wa kuuza.

Basi wenye mashamba, kabla ya mvua za Oktoba, nunueni miche kwa vijana wetu. Sisi tuwape kazi. Amina?