Je, Kucheza na Mtoto ni Kupoteza Wakati?

Wazee wetu walisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Walimaanisha kwamba kazi, hata ikiwa duni, ina faida kuliko mchezo, hata ukiwa mzuri. Methali hii imejenga nyumba nyingi. Imewaamsha watu alfajiri kwenda shambani, imewafikisha watoto sekondari, na imewaepusha vijana wengi na uvivu. Hatuna nia ya kuibeza. Lakini inapokutana na mtoto wa miaka 3 anayemvuta mama yake kanga na kumwambia, "Njoo tucheze," inaibua swali ambalo sisi waumini hatuna budi kulijibu. Je, nusu saa ambayo mzazi anaketi chini na kucheza na mtoto wake imepotea? Na kama haikupotea, inahesabiwaje mbele za Mungu?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Wengi wetu tunajinyima sana kwa ajili ya watoto. Tunalipa ada, tunanunua sare, tunapanga tofali moja juu ya jingine ili wapate pa kuishi. Tunatoka nyumbani hawajaamka na tunarudi wamekwisha kulala. Tukiulizwa sababu, tunajibu kwa haki kabisa kwamba ni kwa ajili yao. Lakini mtoto wa miaka 4 hajui ada ni kitu gani. Anachojua ni nani huketi naye. Inawezekana mzazi akamlipia mtoto kila kitu, na mtoto akakua akimheshimu kama mtu anavyomheshimu mfadhili, kwa shukrani nyingi na bila kumfahamu. Hasara hiyo haionekani mapema. Huonekana mtoto akiwa na miaka 15, ana jambo zito moyoni, na hamwambii mtu nyumbani.

Zamani jambo hili lilikuwa na mpangilio wake. Katika desturi za makabila yetu mengi, baba na mama walikuwa na kazi ya kuonya na kuelekeza, ila utani na mchezo vilikuwa vya babu na bibi. Bibi alimwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu," na babu akalalamika kwamba kijana huyu anataka kumnyang'anya mke. Jioni, moto ukiwaka, vitendawili vilitegwa na visa vya Sungura na Fisi vikasimuliwa. Mtoto aliyekaripiwa na baba alijua pa kukimbilia. Malezi yalikuwa na mikono miwili, mmoja wa kukaza na mwingine wa kulegeza.

Tulipohamia mijini tulibeba mkono mmoja. Babu na bibi wamebaki Rombo, Njombe au Bukoba, na mwenye nauli huwaona wakati wa Krismasi. Katika vyumba viwili vya kupanga wapo baba, mama, dada wa kazi na televisheni. Baba na mama wameendelea na sehemu yao ya zamani, yaani kuonya na kuelekeza, na ile sehemu ya bibi imekosa mwenyewe. Pahali palipo wazi huingia kitu. Katika nyumba nyingi kilichoingia ni simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka 1 asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Lilishauri pia kwamba mtoto akiwa ametulia, ni vizuri asomewe au asimuliwe hadithi na mlezi wake. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa hivyo, lakini sisi tunahitaji.

Hapo mama anayeuza samaki atauliza, na ana haki ya kuuliza: muda huo nitautoa wapi? Anafika sokoni saa 11 alfajiri. Akirudi, kuna maji ya kuchota na chakula cha kupika. Kumwambia atenge saa nzima ya michezo ni kumwongezea mzigo.

Neno la Mungu lina jibu lenye huruma. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anapowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maagizo ya Bwana, hataji jengo wala kipindi maalumu. Anataja nyakati: mzazi anapoketi nyumbani, anapotembea njiani, anapolala na anapoamka. Hizo ni nyakati ambazo kila mzazi anazo, tajiri na maskini. Hakuna saa mpya inayodaiwa. Zinazodaiwa ni zile zile tulizo nazo, ila mtoto awe ndani yake.

Mzazi anapoketi kuchambua maharage, mtoto anaweza kupewa ungo mdogo na konzi yake. Atatenga mekundu na ya njano, atatoa vijiwe, atahesabu mpaka 6 kisha aruke hadi 10. Tukikanda unga wa chapati, apewe donge lake. Chapati yake itatoka na pembe tano, lakini ipikwe na iliwe mezani kama nyingine. Tukitembea kwenda kanisani Jumapili, tunaweza kuhesabu mbuzi, kuruka madimbwi, kuokota majani matatu yasiyofanana na kuulizana ni nani aliyeyafanya yasifanane. Usiku umeme ukikatika, tochi moja na mikono miwili hutoa sungura na ndege ukutani. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto aliyekwisha kusikia jibu mara ishirini bado atapiga kelele kwa furaha, "Yai!" Kabla ya kulala, ataje mwenyewe mambo matatu anayomshukuru Mungu, na akimshukuru kwa ajili ya paka, tuitikie amina. Asubuhi, amwagilie punje ya maharage aliyoipanda kwenye kopo. Pengine ataifukua ili aone kama imeota. Tumpe nyingine apande.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha. Na tusidhani ni mambo ya hiari tu. Sheria ya Mtoto ya nchi yetu ya mwaka 2009, inapotaja wajibu wa mzazi, inaorodhesha chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na katika orodha hiyo hiyo inaweka haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika. Mzazi anayemnyima mtoto chakula tunamshangaa. Sheria inatukumbusha kwamba mchezo umeandikwa katika ukurasa ule ule.

Lakini sheria haiwezi kutuambia tucheze kwa moyo gani, na hapo ndipo lilipo swali la imani. Wataalamu wanatueleza kwamba miaka ya kwanza ndiyo ubongo hukua kwa kasi, na kwamba mazungumzo na michezo humjengea mtoto lugha, kumbukumbu na ujasiri. Serikali yetu ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto kwa sababu kama hizo. Ni kweli, na tunashukuru. Hata hivyo, tukicheza na mtoto kwa ajili ya faida hiyo peke yake, mchezo hugeuka kuwa masomo ya ziada. "Hii rangi gani? Na hii? Hesabu tena." Mtoto anatambua kwamba anapimwa. Anajifunza kwamba uso wa mama hung'aa akipatia na hufifia akikosea.

Tunahubiri neema kila Jumapili. Tunasema Mungu alitupenda kabla hatujafanya lolote la kumpendeza. Lakini mtoto mdogo hawezi kulielewa neno "neema" kwa kuelezwa. Hulielewa kwa kuketi mapajani mwa mtu ambaye hamdai kitu. Mzazi anapoacha shughuli kwa dakika 15 na kujenga nyumba ya matope isiyo na faida yoyote, mtoto anapata ujumbe kwamba kuwapo kwake tu ni furaha kwa mtu mwingine. Baadaye, mwalimu wa Shule ya Jumapili atakapomwambia kwamba Mungu anampenda, neno hilo litapata mahali pa kukaa. Asiyewahi kuonja hilo nyumbani anaweza kukariri aya hiyo vizuri na bado akaona Mungu ni mkaguzi.

Tumtazame Bwana Yesu. Katika Marko sura ya 10, wanafunzi waliwazuia watoto kama watu wenye ratiba iliyojaa. Yesu alichukizwa, akawaita watoto, akawakumbatia na kuwabariki. Hatusomi kwamba aliwauliza amri kumi kwanza. Tena, katika Mathayo sura ya 11, alipotaka kueleza ukaidi wa kizazi chake, alichukua mfano wa watoto wachezao sokoni, wale wa kuigiza arusi na wale wa kuigiza msiba. Mtu hawezi kuujua mchezo wa watoto namna hiyo kama hajawahi kusimama akautazama.

Martin Luther naye anatusaidia. Mwaka 1530 mkutano mkubwa wa Augsburg ulikuwa ukiendelea, na mustakabali wa matengenezo ya Kanisa ulikuwa mashakani. Luther alikuwa amejihifadhi katika ngome ya Coburg. Katikati ya barua nzito za siku zile, alimwandikia mwanawe Hans, aliyekuwa na miaka 4, habari za bustani nzuri ambamo watoto wema huokota matunda na kupanda farasi wadogo. Alimweleza mtoto mambo ya Mungu kwa lugha ya mchezo, na hakuona kwamba kufanya hivyo kulimpotezea wakati wa kazi ya Bwana. Miaka 8 kabla yake, katika andiko lake kuhusu ndoa, alikuwa amefundisha kwamba baba anayefua nepi za mtoto kwa imani anampendeza Mungu na malaika wake, hata kama majirani wanamcheka.

Wapo watakaosema, "Nikicheza naye atanizoea, heshima itakwisha." Hofu hii tunaielewa. Lakini tujiulize: bibi yule aliyetaniwa kila siku, ni mjukuu gani alithubutu kumdharau? Heshima inayotegemea umbali huisha mtoto anaporefuka. Nabii Hosea, katika sura ya 11, anamwonyesha Mungu mwenyewe kama mzazi aliyemshika mtoto anayejifunza kutembea. Ili kumshika mtoto wa mwaka 1 mikono ni lazima kuinama, na Mungu hakupungukiwa utukufu kwa kuinama. Mzazi anayecheza bado anasema "hapana" panapostahili. Tofauti ni kwamba mtoto anajua "hapana" hiyo imetoka kwa rafiki.

Kwa hiyo methali yetu ya mwanzo tuiachie mahali pake. Inamsema mtu mzima anayekimbia wajibu wake. Haimsemi mzazi anayeketi na mtoto, kwa maana kuketi huko ni sehemu ya wajibu wenyewe. Na kazi hii haina msimu wa pili. Shamba lililokosa mvua mwaka huu tutalilima tena mwakani, ila mtoto ana miaka 3 mara moja tu.

Wala tusiwaachie wazazi peke yao. Katika usharika wetu wapo wajane wanaolea wajukuu, wapo akina mama wanaolea peke yao, wapo akina dada wa kazi ambao wenyewe ni wadogo na ndio wanaoshinda na watoto wetu mchana kutwa. Wapo pia wazee wastaafu ambao wajukuu wao wako mbali, nao hukaa Jumapili nzima bila mtu wa kutaniana naye. Mtoto anapobatizwa, wasimamizi na usharika mzima hupokewa kuwa walezi wake pamoja na wazazi. Baada ya ibada, mzee mmoja akifundisha mdako chini ya mwembe, na bibi mmoja akianza "Paukwa!" watoto wakaitikia "Pakawa!", ule mkono wa pili wa malezi utakuwa umerudi.

Nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipoonyeshwa Yerusalemu iliyoponywa, hakuanza na majeshi wala hazina. Aliona wazee wa kiume na wa kike wameketi njiani na fimbo zao, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia hizo hizo. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake kwamba Mungu amerudi kukaa na watu wake. Kila jumuiya yetu na itakapokutana wiki hii ijiulize kama mtu akipita mitaani kwetu jioni ataiona alama hiyo, na kama haioni, ni nani kati yetu atakayetandika mkeka kwanza.