Tupime Habari Kabla ya Kufunga Mizigo

Jioni tunaizunguka redio kusikia habari za Rumonge, na usiku huo huo kuna anayefunga mizigo na kuna anayelia. Mithali 18:17 yatufundisha kwamba msemaji wa kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji.

Tunamkumbuka Alexis Sinduhije. Alianzisha redio RPA huko Bujumbura mwaka 2001, kisha mwaka 2007 akaingia siasa. Wengine wakasema basi yote yaliyotangazwa pale yalikuwa uongo. Sivyo! Mwenye upande aweza kusema kweli, ila tumpime. Je, mwandishi alifika Rumonge mwenyewe, au aliambiwa na mtu wa chama? Luka aliwafuata walioona kwa macho (Luka 1:1-4). Studio Ijambo, iliyoanza mwaka 1995, ilituma Mhutu na Mtutsi pamoja kufuata habari moja. Hata sisi wahubiri tungefaa kutumwa wawili wawili hivyo.

Mwenye ndugu Rumonge ampigie simu kabla ya kujiandikisha kurudi, amwulize ni nani anavuna michikichi yake sasa.