UKUTA WAKO UTAANGUKA LINI?



Usiku wa kuamkia Agosti 13, 1961, askari waliukata mji wa Berlin kwa seng'enge, kisha ukajengwa ukuta wa zege. Upande huu Wakomunisti na Urusi yao, upande ule mabepari na Marekani yao. Mama huku, mtoto kule! Wengi waliojaribu kuvuka walipigwa risasi wakafa.

Mpakani hapo palikuwa na kanisa, jina lake Kanisa la Upatanisho. Ukuta ulipita mbele ya mlango wake, waumini wakafungiwa nje. Januari 1985 serikali ya Kikomunisti ikalilipua kwa baruti. Eti Upatanisho umekwisha!

Hebu sikia. Novemba 9, 1989, ukuta ule ule ulifunguliwa bila risasi hata moja. Desemba 25, 1991, bendera ya Wasovieti ikashushwa Kremlin. Na mwaka 2000, palepale palipolipuliwa, kikafunguliwa kikanisa kipya. Jina lake? UPATANISHO! Haleluya!

Usidhani nawasifu mabepari. Wao waliandika kwenye noti zao kwamba wanamtumaini Mungu, huku wakirundika mabomu ya nyuklia kwa maelfu. Oktoba 1962, kwa ajili ya makombora ya Cuba, mataifa hayo mawili nusura yaiteketeze dunia. Mmoja alisema Mungu hayupo, mwenzake alimtaja kwa midomo. Wote wawili tumaini lao lilikuwa silaha. Soma Zaburi 20:7.

Sasa wewe, mpendwa, uko upande gani? Labda hujasema Mungu hayupo. Una jina la ubatizo na Biblia iko kabatini. Lakini ndugu yako wa tumbo moja humsalimii, huu mwaka wa tatu! Shida ikija, mbio kwa mganga. Huo ni ukuta, na umeujenga mwenyewe, tofali kwa tofali (Isaya 59:2).

Yesu aliubomoa msalabani, si kwa baruti, bali kwa damu yake (Waefeso 2:14-16). Usingoje kesho. Sema kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejenga ukuta. Ubomoe leo. Nisamehe, nami namsamehe ndugu yangu. Ingia moyoni mwangu. Amina."

Umeomba? Umeokoka! Tafuta kanisa linalohubiri wokovu. Lakini kwanza, nenda kamsalimie ndugu yako.