Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 14: Usifiche Ushahidi



Mwaka 1980, madaktari Uingereza waliwajaribia wagonjwa wa moyo dawa iitwayo lorcainide. Waliopewa dawa walikufa wengi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wakadhani imetokea tu. Matokeo hayakuchapishwa hadi 1993. Miaka 13! Huku nyuma, dawa za jamii hiyo ziliendelea kutolewa, na watu wakafa.

Aya ya 283 ya al-Baqara inakataza kuficha ushahidi. Imekuja katika mambo ya deni, lakini funzo lake ni pana. Na sisi je? Dawa iliyokusaidia unaitangaza kila kundi. Ile iliyokulaza hospitali, mbona kimya? Leo baada ya tarawehe mwambie mwenzio, na daktari pia. Huenda ukaokoa roho.

Ramadhani njema.