Tabia Haifi kwa Msamaha Peke Yake

Ziko nyumba ambazo mtoto ndiye mjumbe wa wazazi wake. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako sili." Wote wako sebule moja na wanasikiana vizuri, lakini wamenuniana, basi maneno lazima yapitie kwa mtoto. Jumapili ikifika hao hao wanakaa benchi moja kanisani na kuimba kwa kitabu kimoja.

Swali langu ni hili: watu wawili waliofundishwa kusameheana tangu Sunday School, mbona wanarudia jambo lile lile miaka nenda miaka rudi?

Wengi watajibu upesi kwamba hawasali vya kutosha. Mie sikubali. Wengi wanasali, na wanasameheana kweli kweli. Tatizo ni kwamba tunachanganya kosa na tabia. Kosa ni tendo, lina siku yake, laweza kuungamwa likaisha. Tabia ni kama kijia cha kwenda kisimani: mguu ukishakizoea unakifuata hata gizani, wakati mwenyewe anawaza mengine. Ukimsamehe mtu umemfutia deni, lakini kijia kiko pale pale.

Mtume Paulo aliijua shida hii. Katika Warumi sura ya 7 analia kwamba analolitaka silo analolitenda. Lakini soma na Waefeso sura ya 4. Anapomkataza mwizi asiibe tena, haishii hapo. Anamtaka afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Mkono uliozoea kuchukua unafundishwa kutoa! Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, naye alifundisha kwamba mtu huwa mwema kwa kutenda mema, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga.

Basi turudi kwa wale wanaonuniana. Kuahidi tu "sinuni tena" hakutoshi, maana hasira ikija itapita kule ilikozoea. Wanahitaji kitu kingine cha kufanya, kidogo na kinachojulikana. Aliyekasirika aseme kwa mdomo wake: "Nimekasirika, sasa hivi siwezi kuongea. Tuongee tukishakula." Na wakishakula waongee kweli, na mtoto apumzishwe ujumbe.

Vivyo hivyo kwa bwana ambaye kila mwisho wa mwezi anapitia baa na mshahara mfukoni. Toba bila kubadili njia ya kurudi nyumbani ni maneno matupu. Apitie nyumbani kwanza, fedha zihesabiwe mezani wote wawili wakiona. Eti huko ni kutawaliwa na mke? Jamani, siku ya harusi alijitoa mwenyewe mzima mzima. Mshahara ni nini?

Wapo watakaosema namnyang'anya Mungu kazi yake. Sivyo. Mkulima huomba mvua, na jembe analo mkononi.

Lakini tuelewane hapa. Kipigo si tabia ya kuvumiliwa wakati mwenzako anajifunza polepole. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Anayemwambia dada aliyevimba uso, "Msamehe, rudi, ndiyo ndoa," anautumia msamaha kuilinda tabia. Dada huyo anaweza kusamehe akiwa salama kwa wazazi wake.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyeumizwa akisema, "Nimekusamehe, ila bado naangalia," tusimwite mgumu wa moyo. Kusamehe anaweza leo. Kuamini kunangoja aone mwenzake anapita njia nyingine, tena siyo siku moja.

Nanyi vijana wenzangu mnaochangisha harusi, kamati ziko moto, kadi zimeshachapwa, ukumbi umelipiwa. Vizuri. Lakini je, mmekwisha kuulizana, "Mwenzangu, wewe ukikasirika huwa unafanyaje?"