Mali Yangu na Usalama wa Mwenzangu

Msomaji, mtu akinunua kitu kwa fedha ya jasho lake, je, ana haki ya kukitumia apendavyo? Wengi watajibu upesi kwamba anayo. Lakini jibu la upesi si jibu la haki sikuzote.

Chukua mfano wa Moyale, mji uliokatwa na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Upande wa kaskazini magari hupita kuume mwa barabara; upande wa kusini hupita kushoto. Tuseme Mkenya mmoja ameona ng'ambo ya mpaka gari la abiria, zima, la bei nafuu, naye ataka kulileta kwao. Sheria ya Kenya kwa kawaida hukataa gari lenye usukani wa kushoto, na kanuni iitwayo KS 1515 ya mwaka 2000 hukataa gari kuukuu lililozidi miaka 8. Mnunuzi hunung'unika: "Jana gari hili lilikuwa jema. Kuvuka mpaka kumelitia ubaya gani?"

Swali lake lastahili jibu. Gari halikubadilika; iliyobadilika ni njia lipitamo. Taa zake zikiinamishwa usiku hutupa mwanga zaidi upande wa kuume: kule humulika ukingo wa barabara, huku hupofusha macho ya dereva ajaye. Mlango wa abiria uko kuume: kule huwashusha kando, huku huwashusha katikati ya magari.

Tazama basi ni nani alipaye. Faida ya bei nafuu ni ya mnunuzi. Hatari ni ya mtoto ashukaye na ya msafiri ajaye, ambao hawakuwapo walipopatana bei. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Yamkini utasema kwamba sheria hii humwonea maskini. Hoja hiyo ina uzito, hasa juu ya sharti la umri, maana gari la miaka 9 lililotunzwa huweza kulishinda la miaka 5 lililopuuzwa. Lakini maskini ndiye aendaye kwa miguu, na ndiye apandaye gari la abiria. Usalama ukilegezwa kwa jina lake, yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Kwa hiyo, kijana, utakapokuwa na mali, usiulize tu, "Je, ni yangu?" Uliza pia, "Ni nani awezaye kuumia kwayo, na je, ameridhia?"