Je, Kisichoonekana Chaweza Kujulikana?

Wako watu wasemao: "Sikubali ila nikionacho kwa macho." Kauli hii yavutia, maana yaonekana kumlinda mtu asidanganywe. Lakini tukiipima kwa elimu ya vitu vya dunia hii hii, twaiona haisimami.

Sehemu kubwa ya hewa tuvutayo ni naitrojeni. Kila molekuli yake ni atomu mbili zinazokaribiana na kuachana mara milioni milioni 70 hivi kwa sekunde moja. Ni jicho gani limepata kuona jambo hilo? Hata hivyo limepimwa. Mwaka 1928, mjini Kolkata, India, C. V. Raman alionyesha kwamba nuru ikipita katika kitu, sehemu yake ndogo mno hutoka imebadilika rangi, na kadiri ya badiliko hilo hutoa habari ya mtetemo wa molekuli. Leza ilipopatikana mwaka 1960, njia ilifunguka zaidi. Mwaka 1965, huko Marekani, Maker na Terhune walieleza jinsi miali miwili ya leza ielekezwavyo mahali pamoja. Tofauti ya kasi za mitetemo ya miali hiyo ikilingana na mtetemo wa molekuli, molekuli hutetemeka kwa pamoja, kama bembea isukumwayo kwa wakati wake, na nuru ya leza ipitayo hapo huzaa nuru mpya. Kwa umbo la nuru hiyo hujulikana hata joto la ndani ya moto, pasipo kutia chombo motoni.

Lakini, ndugu msomaji, zingatia hili. Nuru hiyo haiji peke yake. Elektroni za vitu vilivyopo nazo hutoa nuru isiyo na habari ya mtetemo utafutwao, ikachanganyika na ile na kupotosha umbo lake. Asiyezitenga atatangaza joto lisilo la kweli, ingawa chombo chake ni kizima.

Basi mtafutaji wa kweli hujiuliza mambo mawili: Je, nimekiuliza kitu hiki kwa njia inayokipasa? Je, nimetenga ushahidi na matakwa yangu? Asiyeuliza hana haki ya kukanusha. Naye aulizaye hali amekwisha chagua jibu, huyo hajauliza bado. Macho ni shahidi mmoja tu. Yatupasa tuwasikilize na wengine, kwa subira na kwa uaminifu.